Nyumba imeshapigwa mnada, salio lako liko wapi? Njia nne za kulidai Dar es Salaam

Nyumba ikishapigwa mnada, wengi tunaona habari imekwisha. Vyombo vinapakiwa kwenye kirikuu, familia inahamia kwa ndugu Chanika au Kitunda, na hakuna anayetaka kurudi benki kuuliza kitu, maana hata kupita mbele ya lile tawi kunauma. Hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, haikumpa mkopeshaji nyumba yako. Ilimpa haki ya kuiuza ili alipwe anachokudai. Kinachozidi, yaani salio, ni chako, na una njia zaidi ya moja ya kukidai.

Ila kabla ya kuchagua njia, lazima ujue fedha ya mnada inagawanywaje. Sheria imeipangia foleni. Zinaanza kodi ya pango la ardhi na tozo nyingine zinazodaiwa kwenye kiwanja. Inafuata rehani iliyotangulia, kama ipo. Kisha gharama halali za mauzo yenyewe, kisha deni la huyo aliyeuza pamoja na riba yake, halafu rehani zilizowekwa baadaye. Kinachobaki apewe yule ambaye, muda mfupi kabla ya mauzo, alikuwa na haki ya kuikomboa rehani.

Tuseme nyumba ya Tabata imeuzwa kwa shilingi 95,000,000. Pango la ardhi lililolimbikizwa ni 600,000. Dalali, matangazo na mthamini wamekula 5,800,000. Deni na riba mpaka siku mnunuzi alipomaliza kulipa ni 63,400,000. Toa vyote, mwenye nyumba anabakiwa na 25,200,000. Sasa benki ikiendelea kuhesabu riba miezi kadhaa baada ya kupokea fedha ya mnunuzi, ikaongeza 6,200,000, kisha ikaweka mstari wa "gharama za ufuatiliaji" wa 3,500,000 usio na risiti hata moja, salio linashuka hadi 15,500,000. Karibu milioni kumi zimeondoka, na asiyeuliza hawezi kujua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutambua mgogoro wako ni wa aina gani, kwa sababu njia inayomfaa jirani yako inaweza kukupotezea miaka miwili.

Kuna mgogoro ambao benki inakubali salio lipo, ila halijatoka: limelala kwenye akaunti ya ndani, au akaunti yako ilifungwa, au hawakukupata kwa simu. Kuna mgogoro wa hesabu: benki inasema hakikubaki kitu, au kimebaki kidogo, na wewe huoni kilivyopungua. Wa tatu ni wa bei: hesabu imenyooka, lakini nyumba ilitupwa. Huo wa tatu si dai la salio hata kidogo, ni dai la fidia. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri inayowezekana kwa wakati ule, na nyumba ikiuzwa chini ya wastani wa bei za mali zinazofanana nayo kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kwa kuchukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka mkopeshaji athibitishe vinginevyo. Wa nne ni wa ndani ya familia, mke na mume au warithi, kila mmoja akisema fedha ni yake.

Njia zote nne hapa chini nitazipima kwa mambo yale yale: zinakutoa kiasi gani mfukoni, zinachukua muda gani, zina nguvu gani ya kumlazimisha asiyetaka kulipa, zinataka ushahidi gani, na zinaweza kukuharibia nini.

Njia ya kwanza: kuidai benki mwenyewe kwa barua

Gharama ni nauli, kuchapa na kutoa kopi. Wakazi wa Dar tuna nafuu moja ambayo mtu wa Tunduru hana: makao makuu ya benki nyingi yako hapa hapa mjini, kwa hiyo barua ya tawi la Mbagala unaweza kupeleka nakala yake idara ya sheria Posta siku hiyo hiyo.

Usiandike barua ya kulalamika jinsi ulivyoteseka, hata kama umeteseka kweli. Omba hesabu. Barua fupi inatosha:

"Mimi ni mmiliki wa zamani wa nyumba iliyoko (mtaa, kitalu na namba ya kiwanja), iliyouzwa kwa mnada tarehe (…) kufuatia mkopo namba (…). Naomba nipatiwe kwa maandishi: bei iliyouzwa, tarehe ambayo fedha yote ya mnunuzi ilipokelewa, taarifa ya mkopo mpaka tarehe hiyo, kila gharama iliyokatwa pamoja na risiti yake, na kiasi kilichobaki. Naomba kiasi hicho kilipwe kwenye akaunti yangu ndani ya siku 21."

Ambatisha kopi ya kitambulisho cha NIDA, mkataba wa mkopo, ile notisi ya siku 60 uliyopewa kwa kifungu cha 127, na kipande cha gazeti chenye tangazo la mnada kama unacho. Nenda na nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na urudi nayo nyumbani. Karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo itakayokubeba kwenye njia zote zinazofuata. Ukiambiwa dirishani, "Mama, faili lako lilishafungwa," jibu kwa upole, "Sawa mwanangu, naomba uniandikie hivyo kwa barua." Mara nyingi sentensi hiyo ndiyo inayofanya faili lifunguliwe.

Kama hujui nyumba iliuzwa kwa bei gani, omba upekuzi ofisi ya Msajili wa Hati kwa namba ya hati yako. Umiliki ukishahamishwa, nyaraka za uhamisho zinakaa pale. Nawahimiza watu wafanye hivi hata kama benki imeshataja bei, kwa sababu namba mbili zinazotofautiana ni ushahidi ambao hakuna wakili anayeweza kukutengenezea.

Nguvu ya njia hii ni ndogo. Barua haimlazimishi mtu. Pia barua zako hazisimamishi muda wa kisheria: Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba, na baadhi ya madai ya aina nyingine yana muda mfupi zaidi. Usikubali kuzungushwa na "njoo wiki ijayo" mpaka mwaka wa tatu.

Hatari kubwa iko siku ya kulipwa. Unaweza kuletewa karatasi ya kusaini inayosema umepokea malipo ya mwisho na huna dai lingine lolote. Ukisaini, mjadala wa ile milioni kumi unaweza kuwa umefungwa kwa mkono wako. Kama unahitaji fedha lakini huridhiki na hesabu, omba uandike juu ya saini yako: "Napokea bila kuathiri haki yangu ya kuhoji hesabu." Wakikataa, usisaini siku hiyo. Tafuta ushauri kwanza.

Inamfaa nani? Mwenye mgogoro wa aina ya kwanza, na yeyote yule kama hatua ya kuanzia.

Njia ya pili: malalamiko Benki Kuu

Benki Kuu ya Tanzania ina kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, na inapokea malalamiko ya wateja dhidi ya taasisi ilizozipa leseni. Hapa Dar ina ofisi Mtaa wa Mirambo, na malalamiko hayatozwi ada. Sharti ni kwamba uwe umeanza na benki yako na hukuridhika. Ndiyo maana nimesisitiza muhuri kwenye nakala.

Kwa muda, ni njia ya haraka kuliko mahakama. Kwa nguvu, inashinda barua yako kwa mbali, kwa sababu anayeuliza sasa ndiye mwenye leseni mkononi. Nimeona tofauti ya lugha: barua iliyojibiwa kwa mistari miwili ilipotoka kwa mteja hujibiwa kwa jedwali la hesabu inapotoka kwa msimamizi.

Ina mipaka yake. Kwanza, angalia aliyekukopesha ni nani. Benki na taasisi ndogo za fedha za daraja la pili (zile zinazokopesha bila kupokea amana) chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ziko chini ya Benki Kuu. SACCOS inasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, basi pita huko. Yule mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni, aliyekusainisha "mkataba wa mauziano" badala ya rehani, hatakulipa kwa barua ya Benki Kuu. Huyo ni wa mahakamani, na pengine wa polisi. Pili, shauri likiwa tayari mahakamani, njia hii inafungwa, kwa hiyo usikimbilie kufungua kesi kabla hujaijaribu. Tatu, mambo yanayohitaji mashahidi kuulizwa maswali, kama saini ya kughushi au ubishi wa thamani ya nyumba, hayamalizwi kwa kupitia makaratasi ofisini.

Inawafaa wenye mgogoro wa hesabu ambao karatasi zinaweza kuumaliza, na wale ambao benki imekubali lakini hailipi.

Njia ya tatu: mahakama au baraza la ardhi

Hii ndiyo njia pekee yenye amri. Mahakama inaweza kuilazimisha benki itoe hesabu, ifute gharama zisizothibitishwa, ilipe salio na fidia juu yake. Baada ya hukumu, riba ya kawaida ni asilimia 7 kwa mwaka mpaka deni liishe, kwa hiyo kuchelewesha kunaanza kumgharimu anayechelewesha.

Ni njia ghali, na ni ndefu. Kuna ada za kufungua shauri, kuna wakili, na upande ulioshindwa ukikata rufaa unaweza kuhesabu miaka. Ukishindwa wewe, unaweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzako. Mtu anayedai salio la milioni mbili na ana karatasi safi sitamshauri aanzie hapa.

Kosa linaloumiza wengi ni kufungua shauri mahali pasipo na mamlaka. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yana ukomo wa shilingi milioni 300 kwa madai ya kurejeshewa mali isiyohamishika na milioni 200 kwa madai mengine yanayopimika kwa fedha. Lakini dai la salio, lisilogusa tena umiliki wa kiwanja, linaweza kuonekana ni dai la kawaida la fedha, si mgogoro wa ardhi. Wakili wa benki ataweka pingamizi la awali, na shauri litafutwa baada ya kupigwa tarehe mwaka mzima bila shahidi mmoja kusikilizwa. Swali la kwanza kwa wakili wako lisiwe "tutashinda?" Liwe "tunafungua wapi, na kwa nini hapo?"

Habari njema ni kwamba mashauri ya madai hupitishwa kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Benki iliyokataa kuonyesha hesabu dirishani inapokaa mezani mbele ya msuluhishi, huku ikijua hatua inayofuata ni kuhojiwa chini ya kiapo, huwa na masikio mengine. Nenda kwenye kikao hicho ukiwa na namba yako ya chini kabisa kichwani, iliyopigiwa hesabu, si hasira.

Mgogoro wa bei hauna mahali pengine pa kwenda isipokuwa hapa. Utahitaji taarifa ya mthamini aliyesajiliwa. Katika taarifa ya uthamini ya benki yenyewe, ile ya wakati wa kukopa, tafuta namba mbili: thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka. Mnada ukifika chini hata ya hiyo ya pili, una pa kushika. Angalia pia kama tangazo lilitimia. Sheria ya Madalali, Sura ya 227, inataka mnada wa ardhi utanguliwe na tangazo la siku 14 angalau, kwenye mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe pa mauzo, kwa Kiswahili na Kiingereza, tena lisiishie kwenye maandishi: lipigwe hata kwa ngoma au njia nyingine ambayo asiyesoma ataielewa. Kama mtaa mzima haukusikia kipaza sauti wala kuona karatasi ukutani, majina ya majirani hao ni mashahidi wako. Ila ujue mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa sana na sheria, kwa hiyo mara nyingi unachoweza kupata ni fedha kutoka kwa aliyeuza, si nyumba kurudi.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada wa bure, na hapa mjini Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) wanasikiliza watu wa kipato cha chini, hawa wawili wa mwisho hasa wanawake. Hata kama hawatakusimamia mpaka hukumu, kuandikiwa notisi ya madai yenye vifungu sahihi ni msaada mkubwa.

Njia ya nne: kumpa mtu akufuatilie kwa asilimia

Kuna watu wanaokuja wenyewe: "Mzee, nimesikia nyumba yako iliuzwa, kuna hela yako benki, nipe asilimia 30 niitoe." Si wote ni matapeli, na nisingependa kuwahukumu kwa pamoja. Aliyehamia Songea, mgonjwa, au aliye Muscat kikazi, anamhitaji mtu wa kupanga foleni kwa niaba yake. Anayejua milango ya idara ya mikopo anaweza kumaliza kwa wiki kazi ambayo wewe ungeifanya kwa miezi.

Gharama yake haionekani mwanzoni, inaonekana mwishoni. Kwenye ule mfano wa Tabata, asilimia 30 ya 25,200,000 ni 7,560,000, kwa barua ambayo pengine ingeandikwa kwa elfu chache. Nguvu yake ya kisheria haizidi yako, kwa sababu anadai kwa jina lako. Marekani hii ni biashara kamili, watu wanatafuta wenye nyumba zilizouzwa kwa madeni na kuwadaia ziada, na baadhi ya majimbo yameweka ukomo wa asilimia wanayoruhusiwa kutoza. Hapa kwetu kinga yako ya karibu ni mkataba unaousaini.

Basi ukiamua hivyo, fedha iingie akaunti yako, kisha wewe ndiye umlipe. Hati ya uwakilishi itaje kazi moja tu, kudai salio la mkopo namba fulani, na iwe na tarehe ya kuisha. Usimruhusu kusaini kukubali kiasi bila wewe kukiona. Usitoe "hela ya kufungulia faili". Akijiita wakili, jina lake lihakikishe kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili kabla hujampa karatasi yoyote halisi.

Inamfaa aliye mbali na mwenye salio lililokwisha kukubaliwa. Kwa mgogoro wa bei haifai kabisa.

Kwa hali yako

Benki imekuambia kwa mdomo kwamba kuna fedha yako: barua wiki hii, na ikipita siku ulizotoa, Benki Kuu. Huhitaji kumkatia mtu asilimia.

Umeambiwa hakuna kilichobaki: omba hesabu kwa barua, fanya upekuzi wa bei, kisha pima pengo. Pengo likiwa dogo, limalizie Benki Kuu. Likiwa la mamilioni mengi na linatokana na gharama zisizo na risiti, peleka jibu la benki kwa wakili kabla hujaandika barua ya pili.

Salio limekatwa kulipia mkopo wako mwingine: itake benki ikuonyeshe kifungu cha mkataba kinachoiruhusu. Kikiwepo na umekisaini, jaribu mazungumzo. Kisipokuwepo, una dai la kawaida la hesabu.

Nyumba iliuzwa bei ya kutupa: wakili na mthamini mapema, kwa sababu bei za nyumba zinazofanana za wakati ule zinazidi kuwa ngumu kupatikana kadiri muda unavyokwenda.

Mwenye nyumba amefariki: benki haitamlipa mtoto mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Fungueni mirathi kwanza. Kwa Dar, Kituo Jumuishi cha Temeke kinashughulikia mashauri ya mirathi na ndoa, na msimamizi aliyeteuliwa ndiye atakayeandika barua. Mke na mume wanaogombea salio waombe kwa maandishi benki isilipe upande mmoja mpaka wakubaliane au mahakama iamue.

Hali ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa ipo sana mjini hapa. Mama wa Mbagala aliweka hati ya nyumba yake kumdhamini mwanawe mwenye duka Kariakoo. Duka limekufa, nyumba imeuzwa, na salio limeingizwa kwenye akaunti ya biashara ya kijana kwa sababu yeye ndiye jina la mkopo. Aliyekuwa na nyumba ni mama, na mwenye haki ya kuikomboa rehani yake alikuwa yeye. Mama, andika barua kwa jina lako mwenyewe, ambatisha kopi ya hati iliyokuwa na jina lako na ule mkataba wa rehani uliousaini, na uulize salio la nyumba yako lililipwa kwa nani, tarehe ngapi, na kwa idhini ya nani.